Dodoma ina reli mbili, haina treni ya asubuhi

Anayetaka kujua SGR, reli yetu mpya ya kisasa, inamhudumia nani aache ramani, asome ratiba. Kwenye ramani reli inatoka Dar es Salaam, inapita Morogoro, Kilosa, Gulwe, Igandu, Dodoma na Bahi, inafika Makutupora. Kwenye ratiba kuna watu wa Dar es Salaam wanaokuja Dodoma na watu wa Dodoma wanaokwenda Dar es Salaam. Walioko katikati wanapata kinachobaki.

Sisemi hivi kwa kubeza. Safari za abiria zilianza Juni 2024 hadi Morogoro, na tarehe 25 Julai mwaka huohuo zikafika Dodoma. Tangu hapo safari iliyokuwa ikila mchana mzima ndani ya basi imekuwa ya saa tatu na nusu hivi. Mtumishi ambaye mke na watoto wake bado wako Tabata anatoka ofisini Ijumaa, analala kwake, anarudi Jumapili, na Jumatatu mgongo haumuumi. Waliotabiri kwamba treni itatembea tupu siku hizi nao utawakuta stesheni na begi mkononi.

Ila mji hauendeshwi na safari za mwisho wa wiki. Unaendeshwa na watu wanaoingia asubuhi na kutoka jioni: karani, fundi ujenzi, mama wa mboga, mwanachuo wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayekaa kwao, mgonjwa mwenye tarehe ya kliniki Hospitali ya Benjamin Mkapa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma na 3,085,625 katika mkoa mzima. Kwa maneno mengine, watu watatu katika kila wanne wa mkoa huu wanaishi nje ya jiji, huko Bahi, Chamwino, Mpwapwa, Kongwa, Kondoa na Chemba, na karibu wote wana jambo linalowaleta mjini. Mtu wa Bahi anayetakiwa kuwa kazini saa moja na nusu asubuhi hana treni. Reli inapita kwao, tena si moja, ni mbili.

Hilo la reli mbili ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu katika mazungumzo yetu ya usafiri reli ya zamani imeshazikwa ingali hai.

Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati mwaka 1905. Ilifika Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Ni reli ya upana wa mita moja, na injini zake za kwanza zilikuwa za mvuke, kwa hiyo kila baada ya mwendo fulani zilihitaji maji na mahali pa kupishana. Hapo ndipo zilipopatikana stesheni zenye kufuatana kwa karibu: upande wa mashariki wa Dodoma kuna Ihumwa, Kikombo na Igandu, upande wa magharibi Zuzu, Kigwe, Bahi, Kintinku, Makutupora na Saranda. Vijiji vikakua kando yake. Wasafiri wa zamani wa Kigoma na Mwanza wataikumbuka Saranda kwa kuku waliouzwa dirishani. Umbali uliopangwa kwa ajili ya kiu ya injini umeacha vituo pale pale ambapo treni ya abiria wa kila siku ingetaka kusimama.

Kuna jambo la pili ambalo mgeni wa Dodoma halioni haraka. Stesheni ya zamani iko katikati ya mji, ng'ambo ya Dodoma Hoteli, mahali ambapo ukishuka unatembea kwa miguu hadi madukani. Stesheni ya SGR ni jengo zuri, lakini ukishuka pale bado una safari nyingine ya bajaji. Kwa mtu anayetoka Dar es Salaam na sanduku, bajaji moja si kitu. Kwa mtu anayekuja kila siku, bajaji ya kwenda na kurudi inaweza kumla kuliko tiketi yenyewe.

Reli hii ya zamani wala haijaachwa ioze. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilikarabati kilomita 970 kutoka Dar es Salaam hadi Isaka, na Dodoma imo katikati ya kipande hicho. Fedha hiyo tutailipa, treni ipite isipite. Kinachopita juu yake kwa sasa ni mizigo na treni chache za masafa marefu kwa wiki.

Basi nieleze ninachokitaka. Treni ya mabehewa manne au matano ya reli ya zamani iondoke Bahi saa kumi na moja na nusu alfajiri, isimame Kigwe na Zuzu, ifike stesheni ya katikati ya mji kabla ya saa moja, kisha iendelee hadi Ihumwa. Jioni irudi kwa njia hiyohiyo. Mchana ilale, au ifanye safari moja ya wanaotoka sokoni na hospitali.

Kwa nini Ihumwa? Kwa sababu ya Mtumba. Mji wa Serikali umejengwa kilomita kama 17 mashariki ya katikati ya Dodoma, kwenye barabara ya Dar es Salaam, na kila asubuhi watumishi wa wizara wanaiendea barabara hiyohiyo inayobeba mabasi ya mikoani, malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, daladala, bodaboda na magari ya wakubwa. Ihumwa iko jirani na Mtumba. Reli zote mbili zinapita hapo, na ndipo ilipo bandari kavu. Tumepaandalia makontena sehemu ya kushukia. Binadamu anayefanya kazi jirani na hapo bado anagombania kiti cha daladala mjini. Barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3 inayojengwa kuuzunguka mji itapunguza malori katikati ya mji, na naiunga mkono, lakini karani wa Mtumba anayekaa Kizota au Mkonze haitamsaidia kitu.

Najua nitaambiwa ni ndoto. Si ndoto, tumeshaifanya. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianza kuwa na treni ya abiria wa mjini, ile ambayo watu waliibatiza jina la Mwakyembe kwa sababu Dk. Harrison Mwakyembe ndiye aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi. Haikusubiri reli mpya. Ilitumia reli iliyokuwepo kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, na nyingine juu ya reli ya TAZARA, kwa injini na mabehewa yaliyofufuliwa karakana, na ikatembea asubuhi na jioni watu wanapoihitaji. Ilikuwa na joto na ilibanana. Ilijaa kwa sababu ilipita mahali watu walipo, saa ambayo watu wapo. Baadaye ikaja ya Pugu kwa mantiki hiyohiyo. Hakuna kilichofanyika pale ambacho hakiwezekani Dodoma, isipokuwa hapa foleni haijawa kero ya kutosha kumtoa mtu jasho ofisini. Tunasubiri iwe kama ya Ubungo ndipo tuanze kupanga.

Kwa nini basi nisiombe treni ya mchongoko, ile ya umeme ya SGR yenye kichwa kilichochongoka, isimame Zuzu? Kwa sababu haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Seti moja ya mchongoko ina mabehewa manane na viti 589. Ukiipeleka Bahi alfajiri kuchukua watu mia moja na ishirini, umeme wake na mishahara ya watu wake vitakula nauli yote kabla haijafika Kigwe. Halafu kuna suala la muda. Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa ikisimama, hupoteza dakika tatu hadi tano kwa kila kituo: inapunguza mwendo, inasubiri watu wapande, inaanza kuchanganya tena. Na njia ya SGR ni moja, treni hupishana stesheni tu, kwa hiyo dakika tano za huku zinageuka dakika kumi na tano za mwenzake anayesubiri kule.

SGR ina kazi yake nyingine, ya kati kwa kati, ya miji na wilaya: Morogoro, Kilosa, Gulwe, Dodoma, Bahi, Makutupora. Hapo napo kuna pengo. Nauli ya daraja la kawaida iliyoidhinishwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilikuwa shilingi 31,000 kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma na 13,000 hadi Morogoro, ambayo ina maana kipande cha Morogoro hadi Dodoma kina thamani ya kama 18,000. Sasa jiweke kwenye nafasi ya anayeuza tiketi siku yenye msongamano. Kiti kimoja kikienda na mtu wa Dar kinaleta 31,000. Kikisubiri mtu wa Morogoro kinaleta 18,000, na kati ya Dar na Morogoro pengine kimekwenda kitupu. Hata bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, abiria wa Morogoro anapewa mgongo. Dawa yake ni treni isiyoanzia Dar es Salaam kabisa, ianzie Morogoro au Dodoma asubuhi, ili mhadhiri wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, au mfanyabiashara wa Kilosa aje kwenye kikao chake, amalize, alale kwake.

Majirani wetu Wakenya walilazimika kukabili jambo hili mapema. Treni yao ya Mombasa na Nairobi, iliyozinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, ilikuwa na safari ya moja kwa moja na nyingine inayosimama Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Ile inayosimama ni ya polepole, na mtalii haipendi. Mtu wa Voi hana malalamiko nayo.

Upande wa magharibi wa Dodoma pengo ni kubwa zaidi, na kusema kweli halielezeki. Mkataba wa kipande cha pili ulikuwa wa Morogoro hadi Makutupora. LATRA ilipotangaza nauli za SGR, Bahi na Makutupora zilikuwemo kwenye orodha. Huduma ya abiria ilipoanza iliishia Dodoma. Abiria wa Bahi akawa na nauli lakini hana treni, jambo ambalo sijui kama limewahi kutokea kwenye usafiri wa daladala.

(Kwa wasomaji wa mbali: Makutupora hii ya reli ipo Wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Siyo ile Makutupora ya visima vya maji na kambi ya JKT ndani ya Dodoma. Nimeshasikia watu wakibishana kuhusu umbali huku kila mmoja akiwa na Makutupora yake kichwani.)

Hapo ndipo Singida inapoingia. Mji wa Singida hauko kwenye njia kuu ya reli. Uko kaskazini ya Manyoni. Kuna reli ya tawi kutoka Manyoni hadi Singida, ambayo kwa abiria imekuwa kama haipo. Sioni sababu ya kuahidi kuifufua kesho. Barabara ya lami ya Manyoni hadi Singida ni nzuri, na basi dogo linaloisubiri treni linaweza kufanya kazi ileile kwa gharama ndogo mno. Kinachotakiwa ni tiketi moja, na basi lisilothubutu kuondoka kabla treni haijafika. Hili la pili ni gumu kuliko linavyosikika. Kosta zetu huondoka zikijaa, hazina saa, na dereva aliyekwisha kujaza hawezi kuelewa kwa nini asubiri watu wa treni. Lazima awepo kwa mkataba, alipwe kwa safari na siyo kwa vichwa.

Afrika Kusini walilijua hilo. Gautrain, inayounganisha Johannesburg na Pretoria tangu mwanzoni mwa muongo uliopita kwa mwendo uleule wa kilomita 160 kwa saa, ilianza ikiwa na mabasi yake yenyewe ya kuwatoa watu stesheni. Somo lingine la Gautrain ni chungu zaidi. Abiria waliotabiriwa hawakutimia, na mkoa wa Gauteng ulijikuta ukimlipa mwendeshaji fidia chini ya mkataba mwaka hadi mwaka. Wanaonukuu Gautrain kwenye semina husahau kipande hiki. Mimi nakinukuu kwa makusudi, kwa sababu treni ya abiria wa kila siku karibu kokote duniani haijilipi kwa nauli peke yake, na ni heri tuambiane hivyo kabla ya kukata utepe.

Tuchukue hesabu ya hapa kwetu. Shilingi 31,000 kwa umbali wa karibu kilomita 450 ni kama shilingi 70 kwa kilomita. Dodoma hadi Bahi ni chini kidogo ya kilomita 60, kwa hiyo kwa kiwango hicho nauli ni kama 4,000. Kwenda na kurudi 8,000. Kwa siku 22 za kazi ni 176,000 kwa mwezi. Mei Mosi ya 2025, iliyofanyika kitaifa Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Hata kwa kiwango hicho kipya, zaidi ya theluthi moja ya mshahara ingeishia kwenye tiketi. Na huyo ni mtumishi wa Serikali, mwenye mshahara unaoingia kwa tarehe. Mama anayeleta mchele wa Bahi sokoni Majengo hana hata kima cha chini.

Kwa hiyo nauli ya masafa marefu haiwezi kukatwa vipande vidogo ikaitwa nauli ya wafanyakazi. Inatakiwa tiketi ya mwezi, yenye bei ya chini kuliko kupanga chumba mjini, na tofauti yake ilipwe na mtu anayejulikana. Nani? Naona wawili. Mmoja ni mwajiri mkubwa kuliko wote Dodoma, yaani Serikali yenyewe, ambayo tayari inatumia fedha kusafirisha watumishi kwa mabasi na magari ya ofisi. Mwingine ni Jiji, ambalo likipata watu wanaoishi Bahi na Kigwe litapunguza presha ya kupima viwanja, kuchimba visima na kuchonga barabara Nala na Ihumwa kila mwaka. Sitegemei Jiji lifurahi kusikia hivi.

Kuna utaratibu mwingine ambao lazima ubaki SGR usihamie huku. Abiria wa SGR anakata tiketi kwa kitambulisho, anafika mapema, anakaguliwa, mzigo unapimwa. Kwa safari ya Dar es Salaam sina ugomvi nao. Kwa safari fupi kama hii, kumtaka mtu afike nusu saa kabla ni kumwambia apande Kosta. Na mizigo? Anayekuja mjini kila siku kutoka Kigwe anakuja na kuku, ndoo ya maziwa, gunia la ubuyu. Treni itakayomkataza hivyo itabaki na makarani peke yao, na makarani peke yao hawatoshi kuijaza. Behewa moja la mizigo midogo linamaliza ubishi.

Hoja nzito dhidi ya haya yote naiona ni moja: mizigo. Reli hujilipa kwa mizigo, na tangu 2025 SGR nayo imeanza kuibeba. Mtu wa uendeshaji atauliza kwa nini treni ya watu mia mbili izuie treni ya makontena yenye mapato ya mara kadhaa zaidi. Ni swali la haki. Lakini ndiyo sababu nataka treni hii iwe kwenye reli ya zamani. Kadiri mizigo inavyohamia SGR, ndivyo reli ya zamani inavyopata nafasi, na nafasi isiyotumiwa haiwekwi benki.

Mafuriko nayo hutajwa, na hapa nawashangaa wanaoyataja. Eneo linalotutesa kila masika ni lile la Kilosa hadi Gulwe, kando ya mto Mkondoa, ambako maji yamekuwa yakiisomba reli ya zamani tangu enzi za babu zetu. Bahi, Dodoma na Ihumwa ziko upande huu wa bonde hilo. Njia ikikatika Kilosa, treni inayolala Bahi inaamka na kwenda kazini kama kawaida. Umeme ukikatika, dizeli haina habari. Wala ngedere na bundi, ambao mwaka 2024 walitajwa na Shirika la Reli kuwa chanzo cha hitilafu ya umeme na nchi nzima ikacheka wiki nzima, hawana la kuifanya.

Kitakachoiua ni kuchelewa. Mtu wa Bahi ana lami nzuri mlangoni kwake, na Kosta ikiwa mbovu kuna Noah. Treni ikichelewa mara tatu katika wiki ya kwanza, atarudi barabarani na hatakuja tena hata umwekee feni na maji ya kunywa. Ndiyo maana nasema ianze na safari chache ambazo zina uhakika, asubuhi moja na jioni moja, badala ya ratiba nene ya siku ya uzinduzi inayopukutika kabla ya mwezi kwisha.

Tena ilale Bahi. Jambo hili linaonekana dogo, na ndilo ambalo wapangaji wetu hulisahau, kwa kuwa wamezoea treni zinazoanzia mjini. Treni ya asubuhi lazima ilale kule inakoanzia: dereva awe na nyumba pale, mlinzi awepo, maji ya kuosha mabehewa yawepo, na mafuta ya kutosha hadi jioni. Nyumba za reli za zamani bado zipo kwenye stesheni nyingi, zinahitaji mabati na rangi. Bila hivyo itabidi treni itoke Dodoma tupu saa tisa usiku kuwafuata abiria Bahi, na mhasibu wa kwanza atakayeiona hesabu hiyo ataifuta kabla hata abiria hawajaizoea.